Siku Tatu kwa Wiki, Mama Mgongoni

19 Septemba

Na mwembamba ni mwembamba, Baba, hilo sikubishii. Juzi, siku ya sikukuu ya mavuno, ulimwona mwenyewe alipokuinamia kaburini na kukumiminia pombe ya soju kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayenywesha kifaranga. Lakini ulimwangalia usoni? Tuna miezi mitatu ya ndoa na bado nikisikia mume wangu Gyu-cheol anafungua mlango moyo wangu unaruka kama chura. Samahani. Haya si mambo ya kumwandikia baba mzazi, ila tangu ulipoondoka mwaka juzi sina mwingine wa kumwambia kila kitu.

Nilitaka kukueleza kwa nini tulifika wawili badala ya watatu. Magoti ya Mama yamekwisha. Tangu miti ilipochanua hapandi hata ngazi ya banda la kuanikia matunda ya kaki bila kushika ukuta, na njia ya kuja kwako unaijua ilivyosimama. Tulipofika mferejini alitua kikapu akasema, "Nendeni. Mimi nitamwinamia kutoka hapa. Nikiwa karibu alikuwa hanisikii, labda nikiwa mbali atanisikia." Akacheka. Halafu akageuza uso upande wa mashamba, na mabega yake, Baba, sikuyapenda.

Gyu-cheol akachuchumaa mbele yake, akamgeuzia mgongo.

"Mama, panda."

"Nipande nini? Hicho kijiti cha kuchokolea meno?"

"Panda tu, Mama."

Akapanda. Mume wangu akasimama naye, kweli alisimama, nakuapia! Akapiga hatua chache, akayumba, wakakaa kitako wote wawili juu ya yale maganda ya matunda ya mwituni, yenye miiba kama kalunguyeye, yanayojaa njiani msimu huu. Mama alikaa juu yake, kwa hiyo hakuchomwa. Jioni nilishika kibano nikamchomoa mume wangu miiba mahali ambapo sitapataja. Kila mwiba ukitoka anasema, "Kabla ya theluji."

"Kabla ya theluji nini?"

"Kabla theluji haijafunga ile njia, nitamfikisha Mama kwa Baba."

Nilimbusu. Kichwani.

23 Septemba

Amejiandikisha jimu, ile iliyo juu ya duka la mbegu. Mwenyewe ni Kocha Maeng, mwanamke wa makamo aliyewahi kunyanyua vyuma vya mashindano. Shingo yake na kichwa chake vina upana mmoja. Nilimsindikiza, maana siku hizi namsindikiza hata kwenda kutupa takataka.

"Unataka nini?" Kocha akamuuliza. "Kifua? Mikono ya kupigia picha?"

"Nataka kumbeba mama mkwe wangu mpaka kaburini."

Kocha akaweka kikombe chini. "Ni mgonjwa, au umemchoka?"

Tulipomaliza kucheka tukamweleza. Akamzunguka Gyu-cheol, akamminya mapaja kama mtu anayechagua jogoo sokoni, akasema, "Siku tatu kwa wiki. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Kila siku mwili mzima: miguu, mgongo, kifua. Kila msuli uguswe mara mbili au tatu kwa wiki, kisha uachwe."

"Na siku zinazobaki, Kocha?"

"Unakula. Unalala. Unampenda mkeo."

Nilimpenda yule mama palepale.

"Ukishazoea tutaona kama ya nne ina faida," akaendelea. "Lakini humu ndani hakuna kinachokua, kijana. Humu msuli unachokozwa tu. Unakua ukiwa umelala."

Gyu-cheol akaitikia, "Ndiyo, Kocha," kwa ile heshima yake nzuri ya mtu ambaye hajakubali.

Inabidi ujue kitu kimoja kuhusu mkweo, Baba. Ana hati ya kutokosa shule. Tangu darasa la kwanza mpaka alipomaliza sekondari hakukosa hata siku moja. Hata alipougua matubwitubwi alikwenda, wakamkalisha peke yake nyuma ya darasa. Mama yake ameitundika hati hiyo juu ya picha ya harusi yetu. Kwetu mtoto akiwa wa kwanza darasani watu husema ana akili. Akiwa hajakosa, husema huyo ni mtu.

28 Septemba

Jumamosi. Amekwenda jimu. Jana alikwenda. Juzi pia, na siku ya kabla yake. Kocha huwa hayupo siku zote, lakini mlango una namba za siri na mwanachama hujifungulia. Mume wangu mwenye bidii!

3 Oktoba

Anaamka kabla ya jua, ananyanyua vyuma, anaoga, anakwenda kufungua duka la miwani. Mchana anawapimia wazee macho kwa sauti ile ya upole. Jioni anachuchumaa sebuleni na gunia la mchele mabegani huku mimi namhesabia. Kwenye pushapu nakaa mgongoni kwake nikila peasi, namlisha kipande kila akipanda. Nilimuuliza kama mimi ni mzito akasema mimi ni unyoya. Muongo! Nimeandika neno hili nikitabasamu peke yangu jikoni kama mwehu.

Nikamwambia, "Kocha alisema siku tatu."

"Alisema hivyo kwa sababu aliniona," akajibu, akaendelea kuchuchumaa.

Sikuelewa alichomaanisha. Nikaendelea kuhesabu.

9 Oktoba

Mvua. Amekwenda na mwavuli.

10 Oktoba

Mvua. Amekwenda bila mwavuli, kwa sababu niliuchukua mimi. Nilijisikia vibaya kutwa nzima, nikampikia supu ya mwani kama vile ni siku yake ya kuzaliwa. Alisinzia kijiko kikiwa mdomoni.

15 Oktoba

Kuna jambo haliendi sawa. Chuma alichokinyanyua wiki iliyopita, jana kilikataa. Mkanda wake ameuongezea tundu, na si kwa upande wa kunenepa. Dukani aliangusha kioo cha miwani cha mteja, yeye ambaye vidole vyake hushika vitu kama vinashika kipepeo. Nikadhani atapunguza. Ameongeza! Sasa anakwenda asubuhi na jioni. "Chuma kikikataa," anasema, "maana yake sijajitahidi."

Nami nimelelewa hivyohivyo, Baba. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba anayelala wakati wa kuvuna atakula maganda. Kwa hiyo nilimfungia chakula cha jioni kwenye kopo nikamwambia jitahidi, mpenzi. Nilimwambia hivyo kwa moyo wote.

Shangazi Deok-rye, jirani wa Mama, alitukuta sokoni akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Bwana harusi! Mbona unakwisha hivyo? Mkeo hakupi chakula, au hakupi usingizi?" Gyu-cheol aliiva kuliko kaki za mwaka huu.

19 Oktoba

Leo ndiyo siku niliyokuwa naiogopa bila kujua kwamba naiogopa.

Tulikwenda kwa Mama kuchuma na kuanza kumenya. Miti yako imezaa, Baba, mpaka matawi yameinama yenyewe. Shangazi Deok-rye alikuja kusaidia, tukakaa uani sisi wanawake watatu na visu, maganda ya rangi ya machungwa yakitujaa mapajani, na Gyu-cheol akawa anapandisha kreti bandani tukaanike. Nilimwona anapita na kurudi, anapita na kurudi. Mama naye alikuwa akimwangalia. Mara tatu alimwambia, "Pumzika wewe," naye mara tatu akajibu, "Bado, Mama."

Halafu tukasikia kreti ikianguka.

Nilimkuta amelala chali katikati ya kaki, macho yanaangalia kenchi, mkono umeshika kiuno. Alikuwa anatabasamu ili nisiogope, na tabasamu lile ndilo lililonitisha zaidi.

"Kidogo tu," akasema. "Nikae hivi kidogo tu."

Hakuweza kuinuka. Hata kugeuka upande hakuweza. Mama alipanda ile ngazi, Baba, kwa magoti yale, huku anamtukana kila mtu, ngazi yenyewe na waliotangulia kaburini. Alimpapasa mgongo, akamwambia akunje vidole vya miguu, vikakunjika. Akasema uti wa mgongo ni mzima, nyama ndizo zimekaza. Hata hivyo tulimwita daktari wa zahanati, naye akasema hivyohivyo kwa maneno marefu. Kisha nikampigia simu Kocha Maeng, kwa sababu sikujua nimlaumu nani.

Alikuja kwa pikipiki, akasimama juu ya mume wangu mikono kiunoni.

"Siku ngapi kwa wiki?"

Gyu-cheol akaangalia kenchi.

"Nakuuliza, siku ngapi?"

"Saba, Kocha."

"Nilikwambia ngapi?"

"Tatu."

"Sasa hizo nne ulizitoa wapi?"

Ndipo aliposema neno ambalo nimekuwa nalo kichwani mpaka sasa. Alisema polepole, bila kutuangalia, kwamba alifikiri zile tatu ni za watu kama yeye. Alifikiri Kocha alimtazama akaona mtu dhaifu, akampa kazi ya dhaifu kwa huruma, na kwamba wenye nguvu hufanya kila siku. "Sina kifua," akasema. "Sina mabega. Kitu pekee nilicho nacho ni kwamba sikosi."

Shangazi Deok-rye akainama, akaanza kuokota kaki moja moja.

Kocha alikaa chini kati ya kaki. "Nikiwa nanyanyua mashindanoni, mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, "kulikuwa na siku nilikuwa nalipwa ili nilale. Siku ya kupumzika nayo ni siku ya kazi. Nilikupa siku saba zote. Wewe umekosa nne kila wiki."

Mama aligeuza mgongo. Alichukua kisu chake, akashuka ngazi kwa makalio, akarudi kwenye kaki. Nikajua amechukia. Nikajua kwamba sasa ndiyo basi, hatamkubali tena mtu anayeanguka kila akiguswa. Gyu-cheol naye alijua hivyo, niliona.

20 Oktoba

Nimekosea! Asubuhi hii Mama amemtandikia Gyu-cheol chumba kile chenye sakafu inayopashwa moto, chumba chako, na amesema hatoki humo mpaka yeye aseme. Mimi nirudi mjini kazini, nimwachie.

"Lakini Mama, mimi ni mkewe."

"Na mimi nina mayai. Nenda."

24 Oktoba

Nyumba bila yeye ni tupu. Nimelala nimekumbatia shati lake la dukani. Nimepiga simu mara nyingi mpaka Mama akasema ataitumbukiza simu kwenye mtungi wa kachumbari ya kimchi.

27 Oktoba

Nimetoka kwa Mama sasa hivi na sijui nianzie wapi.

Nilimkuta ameketi, amenyooka, mashavu yamerudi! Mama anamlisha mayai asubuhi, tofu mchana, vibua vya kuoka jioni, na kati ya hivyo anamlaza. Na wanaongea. Wanaongea, Baba! Nilisimama nje nikawasikia wanabishana kama miwani ya kusomea ya Gyu-cheol inamfanya aonekane bundi. ("Bundi mzuri, Mama." "Bundi ni bundi.")

Aliposinzia, Mama aliniita bandani. Kaki zimening'inia kwenye kamba kutoka juu mpaka chini, zimeanza kukunjamana. Nikanyoosha kidole kuigusa moja, akanipiga mkono.

"Ukizishika kila siku zinaoza," akasema. "Si nilikwambia tangu mdogo?"

Halafu akaniambia ambalo wewe hukuniambia. Kwamba ile miezi yako ya mwisho, mimi nikiwa mjini nikija siku za mapumziko tu, ulikataa kiti cha magurudumu. Kwamba ulipenda kuota jua la asubuhi uani. Na kwamba yeye ndiye aliyekubeba mgongoni, kutoka chumbani mpaka uani na kukurudisha, kila siku.

"Shangazi Deok-rye alitaka kunipokea," akasema. "Mpwa wa baba yako pia. Angalau Jumanne, angalau Alhamisi. Nikakataa. Nilidhani nikipumzika siku moja baba yako atajua kwamba nimechoka." Akapapasa magoti yake kama mtu anayewatuliza wajukuu. "Watu wanasema ni uzee. Si uzee. Magoti haya yameliwa na Jumanne ambazo sikuzichukua."

Nilikuwa nimefikiri anamdharau mume wangu. Miezi yote hii nilimwona ananuna, nikajiambia hapendi kijiti nilichomletea. Kumbe alikuwa anamwangalia anavyopita na kurudi na kreti, anajiona mwenyewe.

"Kwa hiyo asikubebe?" nikamuuliza.

"Nani kasema asinibebe? Nimemkosa baba yako mwaka mzima. Nimesema asinibebe kama nilivyombeba."

Nilimkumbatia, tukanuka kaki sote wawili.

1 Novemba

Amerudi jimu leo, Ijumaa. Vyuma vyepesi mpaka aibu, anasema, kuna bibi wa kwaya anayebeba zaidi yake. Kocha anamsimamia.

2 Novemba

Siku ya kupumzika. Hajui afanye nini. Amepanga soksi kwa rangi. Amesafisha friji. Saa sita simu ikalia.

"Mpe mumeo simu," Mama akasema. Nikampa.

"Umelala?"

"Nimekaa, Mama."

"Kukaa si kulala."

Akalala. Nami nikalala kando yake, maana agizo la Kocha lina sehemu tatu na sehemu ya tatu inanihusu.

8 Novemba

Kile chuma kilichokataa mwezi uliopita kimepanda! Amenipigia kutoka jimu akihema, hata salamu hakunipa. "Kimepanda," akasema. "Na jana sikufanya kitu, Seul-bi. Jana nilikula viazi vitamu." Alisema hivyo kama mtu aliyeokota kitu njiani na anatafuta mwenyewe.

Kocha anasema asijidanganye, misuli ya kuonekana inachukua miezi, na mpaka sasa kilichoongezeka zaidi ni mwili kujua kazi yake. Lakini mimi ninayelala naye najua kuna kitu kipya kwenye bega la kulia. Nimekigusa. Kipo.

11 Novemba

Umande umeganda asubuhi. Nimeanza kusikiliza utabiri wa hewa kama anavyosikiliza baharia.

14 Novemba

Kocha alitaka kujua uzito wa mzigo, lakini tangu mwanzo Mama amekuwa akisema uzito wake ni wake. Leo tumekwenda kumsaidia kufunga kaki, mizani ya kreti ikiwa katikati ya ua. Shangazi Deok-rye akauliza, "Hivi kweli mtajua mnabeba nini?" Mama akavua ndala, akapanda mizani mbele yetu sote, kidevu juu.

"Soma, bundi," akamwambia Gyu-cheol.

Akasoma. Siandiki hapa. Wewe unajua, au ulijua.

"Ni wa kubebeka?" akauliza Mama, na sauti ilikuwa ndogo, Baba, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mama," akasema Gyu-cheol, "ungekuwa mwepesi ningeona aibu kwamba nilianguka."

Nampenda mtu huyu mpaka meno yananiuma.

17 Novemba

Wamefanya jaribio uani. Kocha Maeng alisimama nyuma mikono imekaa tayari, mimi mbele nikitembea kinyumenyume. Mume wangu alichuchumaa, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akasimama naye. Hakuyumba. Wakazunguka mtungi wa kimchi, wakapita banda, wakafika chini ya mti wa mwisho. Mama alifumba macho, shavu lake likiwa begani kwa mkwewe.

Gyu-cheol akasema, "Mama, naweza mpaka barabarani."

"Najua unaweza. Nishushe."

"Bado nina nguvu."

"Ndiyo maana nasema nishushe."

Akamshusha. Kocha akamtazama Mama kwa heshima kubwa akamuuliza kama anatafuta kazi.

20 Novemba

Theluji imeanguka milima ya kaskazini. Huku bado. Nimekula kucha.

22 Novemba

Ijumaa, na jimu ya wiki imekwisha. Kesho kulala. Mpango ni huu, Baba, nakuambia ili usishtuke. Tutapanda Jumapili asubuhi, jua likishayeyusha umande. Gyu-cheol hatapanda kwa mkupuo. Kocha aliikagua njia Jumanne akaigawa vipande: mferejini mpaka jiwe kubwa, anamshusha, wanapumzika, jiwe mpaka misonobari, anamshusha, wanapumzika, na kuendelea. Gyu-cheol hakubishana hata kidogo. Alisema angependa mapumziko ya misonobarini yawe marefu kwa sababu kutoka hapo bonde lote linaonekana, na Mama hajaliona siku nyingi.

Lakini redio inasema huenda theluji ikatufikia kesho kutwa. Niliposikia nilikwenda chooni nikalia. Gyu-cheol alinikuta. Nilidhani atasema basi twende kesho, siku ya kupumzika, asikose. Nilimsubiri aseme. Akakaa kando yangu sakafuni, akanifuta pua kwa kitambaa chake cha kusafishia miwani.

"Ikianguka Jumapili," akasema, "tutangoja iyeyuke. Jua la Novemba bado lina nguvu. Mama hapandi juu ya mgongo uliochoka."

Nikampigia Mama, nikiogopa atavunjika moyo. Nikamwambia huenda isiwe Jumapili, huenda ikawa Jumatano au Jumamosi inayofuata.

"Na Jumatano ina ubaya gani?" akasema. "Mimi niko tayari siku yoyote. Nimenunua viatu."

"Viatu gani tena, Mama? Si utabebwa?"

"Nibebwe pekupeku? Niende kwa mume wangu na ndala?" Akashusha sauti. "Ni vya bluu. Anapenda bluu."

Kwa hiyo ukae ukijua, Baba. Mwezi huu hauishi hujatuona. Ukiona kwa mbali kijana mwembamba anakuja taratibu, anasimama, anapumzika, anakuja tena, na viatu viwili vya bluu vinaning'inia kiunoni kwake, visivyo na hata chembe ya udongo, ndio sisi.